Mfalme aliyekopa kwa sahihi za wengine

Mhariri,

Naomba nafasi nijibu makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu wafalme wa Ufaransa. Mwandishi wenu ana kalamu nzuri na ni dhahiri amesoma, hilo simnyimi. Shida yangu ni kwamba amemchora Louis XIV kama mtu ambaye akitaka jambo linakuwa, iwe vita, jumba au kodi, kisha akahitimisha kwa ile kauli maarufu ya "Dola ni mimi", na mjadala ukafungwa hapo. Mimi ni mhasibu mstaafu. Nimezeeka nikifungua vitabu vya watu wenye majina makubwa kuona wanadaiwa na nani, na historia naisoma vivyo hivyo, kuanzia kwenye madeni. Ukianzia huko, mfalme wa makala yenu anapungua kimo.

Kauli yenyewe tuimalize haraka. Inadaiwa aliitamka Aprili 1655, akiwa na miaka 16, mbele ya majaji wa Parlement ya Paris (ambayo ilikuwa mahakama kuu, si bunge). Hakuna aliyekuwepo siku ile aliyeiandika. Kilichoandikwa na waliokuwa karibu na kitanda chake cha mauti mwaka 1715 ni maneno mengine kabisa: kwamba yeye anaondoka, lakini dola itabaki siku zote.

Kuhusu ukali wake sibishi. Nicolas Fouquet, msimamizi wa fedha za ufalme, alikamatwa mjini Nantes tarehe 5 Septemba 1661, siku mfalme alipotimiza miaka 23. Kesi ikavutwa hadi mwisho wa 1664. Majaji 13 wakataka afukuzwe nchini, 9 wakataka auawe. Tumezoea kuona mfalme akipunguza adhabu. Louis aliiongeza, akabadilisha uhamisho kuwa kifungo cha maisha katika ngome ya Pignerol, na huko ndiko Fouquet alikofia mwaka 1680. Mwaka 1685 akaifuta Amri ya Nantes, iliyowaruhusu Waprotestanti kuabudu, na Waprotestanti wapatao 200,000 wakaikimbia nchi yao. Kwa mtu mmoja aliyemchukia, au kundi lisilo na mtetezi, neno la mfalme lilitosha. Ninachouliza mimi ni kama neno hilo liliweza kulipa mishahara ya askari.

Halikuweza, na sababu iko kwenye ukuu wake huo huo. Mfalme asiyeshtakiwa ni mdaiwa mbaya. Novemba 1661, miezi miwili baada ya Fouquet kukamatwa, Louis aliunda mahakama maalumu ya kuwachunguza matajiri waliokuwa wakiikopesha serikali. Wezi walikuwemo, na Fouquet mwenyewe hakuwa malaika. Lakini kazi ile iliishia kwenye faini kubwa na kufutwa kwa sehemu ya madai yao. Kwa macho ya mhasibu, huyo ni mdaiwa anayemshtaki mdai wake, tena kwa hakimu aliyemteua mwenyewe. Ndugu mhariri, ungekuwa Paris mwaka 1665 na fedha zako kwapani, ungemkopesha? Pengine ungemkopesha, ila kwa riba ya kufidia usingizi utakaoukosa.

Wafalme wenyewe walilijua hilo kitambo. Mwaka 1522 François I alikuwa vitani na hana kitu. Akalikabidhi jiji la Paris mapato ya kodi fulani, jiji likauza hatifungani kwa wakazi wake kwa faida ya livre 1 (sarafu ya Ufaransa ya enzi hizo) kila mwaka kwa kila livre 12. Mnunuzi alijua vizuri fedha inakwenda kwa nani. Lakini sahihi aliyoiamini ilikuwa ya viongozi wa jiji, watu ambao angeweza kuwafuata mlangoni riba ikichelewa. Mpango huo ulidumu karne mbili na nusu na ushee, na Louis XIV aliutumia sana.

Si jiji tu. Kanisa halikulipa kodi ya kawaida iliyoitwa taille. Mkutano wa maaskofu na mapadri, uliokaa kila miaka 5, ulimpitishia mfalme kitu kilichoitwa "zawadi ya hiari", na mara nyingi zawadi hiyo waliikopa wao kwanza, kwa riba nafuu kuliko ambayo yeye angepewa. Baraza la jimbo la Languedoc nalo lilikusanya kodi lenyewe, likakopa kwa niaba yake, likachangia hata ule mfereji wa kutoka Toulouse hadi bahari ya Mediterania uliofunguliwa 1681, na sehemu ya kodi ikabaki mikononi mwa wakubwa wa huko huko. Makala yenu inasema mabaraza haya yalivunjwa nguvu. Yalinyamazishwa, kweli, hayakupayuka tena kama zamani. Ila mtu anayekusainia mkopo humvunji mkono.

Sasa nije kwenye vyeo, ambako nakiri huwa nacheka peke yangu.

Tangu 1604, ofisa wa mfalme aliyelipa kila mwaka sehemu 1 ya 60 ya thamani ya cheo chake aliruhusiwa kumrithisha mwanawe au kukiuza kama shamba. Colbert, waziri wa fedha wa Louis, alipowahesabu maofisa hao mwaka 1664 alikuta vyeo zaidi ya 45,000, vyenye thamani ya livre zaidi ya milioni 400. Jaji alinunua kiti chake, na mfalme hakuweza kumwondoa bila kumrudishia fedha zake, ambazo zilikuwa zimeshaliwa vitani. Huo ndio ujasiri wa Parlement ya Paris. Watu walikalia mtaji wao.

Vita vya 1688 vilipoanza kuuma, Pontchartrain, aliyeshika hazina kuanzia 1689, aligeuza vyeo kuwa kiwanda. Anasimuliwa kumwambia mfalme kwamba kila mara Mtukufu Mfalme anapoumba cheo, Mungu anaumba mjinga wa kukinunua. Yeye na waliomfuata waliuza vyeo vya wapiga mbiu wa mazishi. Wakauza vya wakaguzi wa nywele za bandia. Wakauza vya wakaguzi wa ndimi za nguruwe, na hawa angalau kazi yao ilikuwa ya kweli na ya tangu zamani: unamlaza mnyama, unamfungua kinywa kwa kijiti, unauvuta ulimi na kupapasa chini yake kama kuna vivimbe vya tegu, kabla nyama haijafika sokoni. Mwaka 1692 wakauza umeya. Cheo kilichokuwa cha kuchaguliwa kikawa mali ya kurithiwa, na miji mingi ikalazimika kukopa ili iununue umeya wake yenyewe. Na wenye vyeo vya zamani waliambiwa waongeze mtaji ili waongezewe mshahara, watake wasitake. Waliupata wapi mtaji huo? Walikopa kwa majirani kwa dhamana ya vyeo vyao. Hapo tena mfalme amekopa kwa sahihi ya mtu mwingine.

Mwandishi wenu ametumia aya nzima kusifu fahari ya Versailles, ambako serikali ilihamia Mei 1682. Angeongeza kwamba Desemba 1689 meza, vinara na viti vya fedha tupu, vilivyofanya mabalozi washike vinywa, viliondolewa vyumbani kwa amri ya mfalme mwenyewe, vikayeyushwa na kupigwa sarafu. Jumba halikuwa na miaka 8 tangu lihamiwe.

Kuna hili la chumvi pia. Makala imesema "mfalme aliitoza nchi nzima kodi ya chumvi". Hapana. Katika mikoa ya kaskazini na ya kati kila watu 14 wenye umri wa zaidi ya miaka 8 walilazimishwa kununua kipimo kimoja cha chumvi ya serikali kwa mwaka, kwa bei ya kuumiza. Bretagne haikulipa kodi hiyo kabisa. Mikoa ya kusini-magharibi ilinunua msamaha wake kwa Henri II baada ya uasi wa 1548, na mkataba ni mkataba. Kwa hiyo ukivuka mpaka kutoka Maine kuingia Bretagne chumvi ilishuka bei zaidi ya mara 10, na watu wakafuga mbwa wa kuvuka usiku wakiwa wamefungwa mifuko ya chumvi kiunoni. Askari wa chumvi walipigana na mbwa. Mtu mwenye mamlaka yasiyo na mipaka angefuta mpaka huo kwa mstari mmoja wa kalamu. Ulidumu hadi mapinduzi.

Lakini ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni wosia. Agosti 1714, mzee amewazika mwanawe, mjukuu na kitukuu, aliwakabidhi majaji wa Parlement karatasi iliyofungwa kwa lakiri. Walitoboa ukuta wa mnara katika jengo lao, wakaiweka humo, wakafunga kwa mlango wa chuma. Ndani aliagiza mpwa wake, mtawala wa Orléans, asiiongoze nchi peke yake wakati mfalme mtoto, Louis XV, anakua, bali abanwe na baraza; na malezi ya mtoto yawe chini ya mtawala wa Maine, mtoto wa nje wa Louis mwenyewe ambaye alikuwa amemhalalisha. Louis alikufa asubuhi ya 1 Septemba 1715, baada ya miaka 72 kitini. Kesho yake wosia ukatolewa ukutani, ukasomwa, na siku hiyo hiyo majaji wakautupa. Orléans akapewa madaraka yote, naye akawalipa: akawarudishia haki ya kupinga amri kabla ya kuzisajili, haki ambayo Louis alikuwa ameibana mwaka 1673. Biashara ilifanyika marehemu hajazikwa.

Hawakuishia hapo. Mwaka 1714 Louis alikuwa ameamuru kwamba watoto wake wa nje nao waweze kurithi taji kama ukoo wa halali ukiisha. Julai 1717 amri hiyo ikafutwa kwa jina la Louis XV, kijana wa miaka 7, na amri mpya ikasema sheria za msingi za ufalme zinamzuia mfalme kuigawa mali ya taji, na ikakuita kutoweza huko jambo la heri. Taji hakulimiliki. Alikuwa mlinzi wake tu, na daftari aliloliacha lilikuwa na deni la takriban livre bilioni 2.

Upande wa pili wa bahari, adui yake William III, mfalme wa Uingereza, alikuwa na watu wachache mno kuwalinganisha na wa Ufaransa. Lakini kila mkopo mkubwa ulipitishwa na bunge, bunge hilo hilo likatenga kodi ya kuulipa, na 1694 ikaanzishwa Benki ya Uingereza. Wabunge wengi na rafiki zao walikuwa ndio wakopeshaji, kwa hiyo walikuwa wakijilinda wenyewe. Katika karne iliyofuata Uingereza ilikopa kwa riba ndogo kuliko Ufaransa, vita baada ya vita. Mfalme aliyefungwa mikono alikuta mifuko ya watu iko wazi.

Kama gazeti letu linahitaji kauli ya kiburi cha kifalme kuiweka juu ya makala, ipo moja yenye tarehe na mashahidi, ila si ya Louis XIV. Tarehe 19 Novemba 1787 Louis XVI, mtu mpole anayependa kufua kufuli, alikwenda Parlement ya Paris kusajili mikopo ya livre milioni 420. Majaji walidhani watapiga kura. Akaamuru isajiliwe bila kura. Mtawala wa Orléans wa zama hizo, kitukuu wa yule wa 1715, akasimama akasema hiyo si halali. Mfalme, aliyebabaika kidogo, akajibu kwamba ni halali kwa sababu yeye anataka.

Louis XIV hakuwahi kuhitaji kuitamka sentensi hiyo mbele ya wadai wake. Huyu Louis XVI aliitamka, akamfukuza Orléans kwenda kuishi shambani Villers-Cotterêts, akawakamata majaji wawili, na mkopo haukumwokoa. Tarehe 8 Agosti 1788 ilimbidi aliite Baraza la Matabaka Matatu (makasisi, makabaila na watu wa kawaida), lililokuwa halijakaa tangu 1614, likutane Mei mwaka uliofuata. Siku 8 baadaye hazina ikatangaza kusimamisha sehemu ya malipo yake.

Naomba mwandishi wenu, katika sehemu ya pili aliyotuahidi, atuanzie hapo.

Ni mimi msomaji wenu,
Mhasibu mstaafu