Barua ya wazi: Mheshimiwa, lile tuta uliloahidi

Mheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia tena, safari hii hadharani, kwa sababu Jumanne asubuhi lori lililosheheni mbao lilishindwa kusimama kwenye mteremko wetu wa barabara kuu iendayo Tunduma, likaigonga bajaji aliyopanda mdogo wangu. Yeye yuko wodini, mguu umefungwa vyuma. Mimi usiku nalala mkekani chini ya kitanda chake, asubuhi nakwenda kufundisha fizikia.

Wasaidizi wako walitangaza siku hiyohiyo kuwa ni uzembe wa dereva. Huenda. Mimi nashuku breki zilikwisha kuchemka, maana lori linaposhuka mlima mrefu breki huigeuza nishati ya mwendo kuwa joto, na breki iliyopata moto kupita kiasi haishiki hata ikikanyagwa na malaika.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa penye makazi, na kibao chetu cha 50 kipo, kimepinda, kimebandikwa tangazo la mganga. Malori hupita hapo kwa 80. Wengi hudhani tofauti ni 30 tu, kumbe nishati hupanda kwa mraba wa mwendo, hivyo lori la 80 hubeba zaidi ya mara mbili na nusu ya nishati ya lilelile likienda 50. Gari likijibamiza ukutani kwa 50 ni kama limedondoka kutoka meta 10. Kwa 80, meta 25. Na likikutana na bajaji, lori hupungua mwendo kidogo tu, ilhali bajaji hurushwa kwa kasi inayokaribia ya lori lenyewe, pamoja na waliomo.

Wakati wa kampeni ulisimama pale sokoni ukaahidi matuta kabla ya masika, ila hukutaja masika ya mwaka gani. Tulipofuatilia tuliambiwa wananchi wawe waangalifu wanapovuka. Tunashukuru kwa ushauri, lakini uangalifu wa mtoto wa darasa la pili haupunguzi hata kilo moja katika tani 30.

Tunaomba matuta, rasta (vile vituta vyembamba vya kumtikisa dereva apunguze mwendo), kivuko chenye taa na askari wa usalama barabarani. Kama fungu halitoshi, tunaomba matuta. Kama nayo ni mengi, basi tuta moja, juu kabisa kabla mteremko haujaanza, ili dereva alazimike kuingiza gia ndogo na kushuka kwa nguvu ya injini, breki zikiwa bado baridi. Tuta moja, Mheshimiwa, na liwepo kabla muhula ujao wa shule haujaanza.