Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI: sharti la kikundi ndo linazaa vikundi hewa

Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Mimi ni fundi wa kuchomelea, natengeneza mageti na grili, mashine bado nakodi kwa mtu. Nakuandikia kuhusu mikopo ya ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu.

Mkopo wenyewe hauna riba na hapo nawapongeza kabisa, maana huku mtaani tumebaki na kausha damu, ile mikopo ya riba kali, ukichelewa wiki wanakuja kubeba friji ya mama ako.

Sasa mwezi wa nne 2023 serikali ilisimamisha mikopo baada ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuonyesha hela hazirudi na vikundi vingine havipo kabisa. 2024 ikarudishwa, halmashauri 10 zikapangiwa kujaribu kupitia benki, na tangu hapo kila mtu anaimba benki benki benki. Mi siipingi benki, itafuatilia marejesho vizuri kuliko afisa mmoja asiye na hata pikipiki. Ila benki si kitu kipya, kaka zetu walishaambiwa waende benki enzi za mabilioni ya JK, ile mikopo ya wakati wa Rais Kikwete, na huku kwetu waliorudi na hela ni wale wale waliokuwa na maduka tayari.

Tatizo ni hili sharti la kukopa kwa kikundi mheshimiwa. Zamani mlitaka watu 10 mkapunguza mpaka 5, asante, lakini mashine ya kuchomelea haishikwi na watu watano! Kwa hiyo kijana anafanyaje, anamtafuta dereva boda mmoja, shemeji yake anayeuza mitumba, kinyozi, na jirani ambaye sifa yake kubwa ni kwamba ana namba ya NIDA, wanaenda steshenari wanatoa kopi ya katiba ya kikundi kingine wanabadilisha jina, wanachaguana mwenyekiti katibu na mhazini, halafu andiko la mradi linakuwa la kuku. Sijui kwa nini kila siku ni kuku. Hela ikiingia wanagawana kila mtu anaenda kwenye shughuli yake, mkaguzi akija anauliza banda liko wapi hakuna banda, anaandika kikundi hewa. Ni kweli ni hewa, ila wale watu wapo na kazi zao zipo, kisichokuwepo ni huo mradi wa pamoja ambao kanuni iliwalazimisha waubuni. Na mmoja akihama mji wanabanwa wanne waliobaki, ambao hata biashara yake hawaijui.

Halafu kanuni zenyewe zinajua kukopesha mtu mmoja, mbona mwenye ulemavu anaruhusiwa kukopa peke yake? Vizuri sana, basi utaratibu upo, upanueni. Fundi mwenye cheti cha VETA au anayejulikana na mtendaji wa mtaa kwamba ana karakana akopeshwe kifaa badala ya keshi, muuzaji alipwe moja kwa moja, mashine iandikwe mali ya mkopeshaji mpaka deni liishe. Akizingua inachukuliwa anapewa mwingine. Wanaotaka vikundi kweli, wa mashamba, wa tofali, waendelee na vikundi vyao.

(Kuna hili pia la halmashauri za vijijini zinazotegemea ushuru wa mazao, 4% ya kidogo ni kidogo zaidi, wakati kijana wa jijini fungu lake ni nono. Hazina iwaongezee hao.)

Na majina ya waliopata yabandikwe kwenye ofisi ya kata, mtu, kiasi na shughuli, sisi wa mtaani ndo tunajua nani ana karakana na nani ana karatasi.

Kanuni za mikopo hii zinasainiwa na Waziri wa TAMISEMI mwenyewe, haihitaji kusubiri Bunge likae. Naomba zirekebishwe kabla halmashauri hazijafungua dirisha lingine la maombi, maana huku watu wameshaanza kutafuta wa tano.