Kuhusu Monika, nakukatalia

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi shoga yangu, wewe na wote hapo nyumbani. Sisi hatujambo.

Nimesoma uliyoandika juu ya ile filamu ya Kiswidi, Sommaren med Monika (Kiangazi na Monika), na nakukatalia kabisa. Unasema Monika, yule binti, hana utu kwa sababu alimwacha mtoto. Hebu anzia kwao: nyumba finyu, wadogo zake wamejaa, baba anarudi amelewa. Kazini, kwenye duka la mboga, wanaume wanamshikashika. Harry, mpenzi wake, naye yuko ghala la vyombo vya kioo, kutwa kufokewa. Mji mzima wa Stockholm hauna pa kuwaweka wawili hawa peke yao! Ndipo wanapochukua mashua ya babake Harry na kutokomea visiwani.

Mwongozaji Ingmar Bergman aliipiga filamu hii kiangazi cha 1952, sehemu kubwa kisiwani Ornö, ikatoka 1953. Watu husifia jua na miili ya vijana. Mimi kilichonikaa ni njaa. Uyoga umewakinaisha, Monika keshakuwa na mimba, anakwenda kuiba kwenye nyumba ya wenye nacho. Wenye nyumba wanamkamata, wanamwingiza ndani mwao. Anakwapua pande la nyama mezani, anatoka mbio, kisha anajificha nyasini na kuling'ata kwa meno, macho yakiangaza huku na huku. Hapo ndipo uasi wao unapoishia, Zuhura. Hawakuchokana, chakula kiliisha.

Wakarudi mjini, wakaoana. Harry akapata kazi na masomo, yaani akapata njia ya kutoka nje. Monika akapata chumba, nepi na kilio cha usiku. Ndiyo, alikula pesa ya kodi, akamrudia mwanamume mwingine. Lakini Harry alipompiga, hilo mbona hukuliandika?

Marekani waliikatakata filamu hii wakaitangaza kuwa kisa cha msichana mbaya. Usiwe upande wao. Itazame tena pale mkahawani, Harriet Andersson, aliyemwigiza Monika, na sigara yake: anageuka, anakukazia macho wewe uliyekaa kumtazama, giza linafunika kila kitu nyuma yake, naye habanduki. Sijaona mwigizaji aliyenitazama hivyo. Truffaut, mwongozaji wa Kifaransa, aliipenda mno sura ile hata katika filamu yake ya 1959 akaweka watoto wanaoiba picha ya Monika nje ya sinema.

Ukishaitazama niandikie, na safari hii unieleze habari za Harry pia.

Wako akupendaye,
Mwanaisha