Barua kwa Hamisi Kuhusu Utaratibu wa Kuchomelea

Dar es Salaam

Rafiki yangu mpendwa Hamisi,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo. Nimefurahi mno kusikia kwamba kiwanda chenu kimekukabidhi kazi ya kuandaa taratibu za kuchomelea, na kwa kuwa kazi hiyo ndiyo ninayoifanya hapa tunapotengeneza matela, nimeona nikueleze mapema jambo lililonigharimu.

Utaratibu wangu wa kwanza niliuandikia mezani. Niliweka bamba la milimita 20, kijiti cha E7018 (aina inayotakiwa kuwa na haidrojeni kidogo) cha milimita 3.2, ampea 120, volti 24 na mwendo wa milimita 150 kwa dakika, nikakokotoa joto linaloingia kwenye mshono nikapata takriban kilojuli 1.15 kwa kila milimita, nikaridhika. Mshono wenyewe ulipendeza macho. Lakini kipande cha majaribio kilipokunjwa, kilipasuka kabla hakijafika hata nusu ya nyuzi 180, ilhali ISO 15614-1, kiwango cha kimataifa cha kupima taratibu za kuchomelea, haikubali hata ufa unaozidi milimita 3. Nilikipeleka dirishani nikaona, pale kilipovunjikia, madoa ya mviringo yanayong'aa, kila moja lina kitundu katikati, mfano wa jicho la samaki. Hiyo ni alama ya haidrojeni, na haidrojeni ile ilitokana na unyevu.

Fundi wetu mmoja, mtu mzima aliyezeeka na kazi hii, ndiye aliyenieleza kwamba boksi la vijiti lilifunguliwa tangu juzi yake likaachwa kwenye rafu, na wewe unaijua hewa ya huku pwani wakati wa masika. Yeye alilijua hilo kabla hajawasha mashine, ila hakuna aliyemwuliza, wala karatasi yangu haikusema neno juu ya kuhifadhi vijiti. Niliumia, kwa sababu matela yale yangebeba mizigo barabarani pamoja na watu.

Kiwango cha Marekani cha AWS D1.1 kinataka vijiti hivyo, boksi likishafunguliwa, vikae katika tanuri lisilopungua nyuzi joto 120, na vya kawaida, yaani visivyotengenezwa mahususi kustahimili unyevu, visikae nje zaidi ya saa 4. Vikizidi hapo, vikaushwe upya kwa saa 2 au zaidi kati ya nyuzi 260 na 430. Sasa tunaandika hata saa ambayo vijiti vimetoka tanurini, na fundi anatia saini.

Kwa hiyo nakusihi, ndugu yangu, kabla hujaandika chochote, kaa na fundi siku nzima umtazame anavyofanya kazi, umwulize, uandike anachokuambia. Uchague pia unene wa kipande cha majaribio kwa makini, maana kwa ISO 15614-1 jaribio la milimita 20 hukuruhusu kuchomelea mabamba ya milimita 10 hadi 40 tu.

Nitumie rasimu yako kabla hamjakata bamba la kwanza, nami nitaipitia usiku huohuo.

Ni mimi rafikiyo,
Salum