Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania): virusi vinavyotibu visisajiliwe kama vidonge

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Kazi yangu ni kuotesha vimelea katika maabara ya hospitali, Kanda ya Ziwa. Nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu jambo hili litawagusa madaktari, wafamasia, wafugaji na wagonjwa wenyewe. Siku si nyingi mezani kwako yatafika maombi ya kusajili dawa zenye virusi ndani yake: faji, virusi vinavyovamia bakteria peke yao na visivyo na shughuli na seli za binadamu. Ombi langu ni kwamba dawa hizo zisipimwe kwa kanuni ile ile inayopima kidonge cha amoksilini.

Najua kwa nini faji zinavutia. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kuwa usugu wa bakteria dhidi ya dawa uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 mwaka 2019. Sisi wa maabara usugu huo tunauona kwa macho: sahani ya kuoteshea imejaa Klebsiella, bakteria anayeleta maambukizi makali hospitalini, vidonge vyote vya karatasi vyenye dawa vimepangwa juu yake, na hakuna hata kimoja kilichozungukwa na uwazi, yaani hakuna dawa iliyomzuia. Unampigia daktari wa wodi simu huku huna jina la dawa la kumpa. Katika hali hiyo, tiba ya faji, ambazo mtafiti Félix d'Hérelle alizieleza mwaka 1917, na ambayo taasisi ya Tbilisi nchini Georgia imeishughulikia tangu 1923, haiwezi kupuuzwa. Mimi siipuuzi. Naitaka ije.

Lakini bakteria huwa sugu kwa faji pia, na mara nyingi huwa sugu upesi kuliko kwa dawa tulizozoea. Mwaka 1943 wanasayansi Salvador Luria na Max Delbrück walionyesha jambo ambalo kila anayesajili dawa hizi anapaswa kulielewa. Waligawa bakteria wa E. coli kwenye mirija mingi, wakaacha kila mrija ukue peke yake, kisha wakamwaga kila mmoja kwenye sahani iliyosheheni virusi. Kama usugu ungekuwa unazaliwa pale bakteria anapokutana na kirusi, sahani zote zingetoa makoloni (vikundi vya bakteria waliozaliana) yanayokaribiana kwa idadi. Haikuwa hivyo. Sahani nyingi hazikuwa na kitu au zilikuwa na makoloni machache, na chache zikafurika. Maana yake ni kwamba mabadiliko yalitokea kwa bahati ndani ya mirija, kabla virusi havijaonekana kabisa, na pale yalipotangulia kutokea ndipo kizazi cha wasugu kilipokuwa kikubwa. Sasa fikiria kidonda cha moto au pafu lenye usaha, lenye bakteria wasiohesabika. Siku unayompa mgonjwa faji ya kwanza, yumkini asiyeuliwa nayo yumo tayari.

Njia za bakteria kuikwepa faji ni nyingi. Iliyo ya kawaida ni kuacha kutengeneza, au kubadilisha, molekuli ya juu ya ngozi ya bakteria ambayo faji huishika ili kuingiza jeni zake. Wengine wana vimeng'enya vinavyokatakata DNA ngeni ikishaingia. Wengine huwahi kufa wenyewe kabla faji haijazaliana ndani yao, na majirani wakapona. Na wapo wanaoweka kumbukumbu: mwaka 2007 watafiti waliokuwa wakichunguza Streptococcus thermophilus, bakteria wa mtindi, walithibitisha kwamba alihifadhi vipande vya DNA ya faji ndani ya jenomu yake, yaani jumla ya jeni zake, na kwa vipande hivyo akaitambua na kuikata faji hiyo iliporudi. Huo ndio mfumo wa CRISPR, ambao leo unajulikana zaidi kwa kuhariri jeni.

Haya hayaishii maabara. Mwaka 2016 Tom Patterson, profesa wa San Diego aliyeugua akiwa Misri, alikuwa anakufa kwa bakteria Acinetobacter baumannii asiyesikia dawa. Akatundikiwa faji kwa mshipa. Muda si mrefu bakteria waliooteshwa kutoka kwake wakaonekana hawaguswi tena na faji za mwanzo. Alipona kwa sababu watu walikuwa wanaotesha, wanapima na kutafuta: maabara ya Jeshi la Wanamaji la Marekani ikapata faji nyingine kwenye majitaka, ikaongezwa kwenye matibabu, pamoja na antibiotiki ya minosaiklini. Mchanganyiko wa siku ya kwanza peke yake usingetosha.

Linganisha na jaribio la PhagoBurn, lililofanyika katika hospitali za Ufaransa na Ubelgiji kuanzia 2015 kwa wagonjwa walioungua moto wenye Pseudomonas, bakteria anayeshambulia vidonda. Lilitumia mchanganyiko mmoja wa faji 12, uliotengenezwa mapema na kuwekwa akiba. Nguvu ya faji ilishuka baada ya kutengenezwa, wagonjwa wakapata dozi ndogo mno kuliko ilivyokusudiwa, na bakteria wa wale ambao tiba haikuwafaa walionekana sugu kwa dozi hizo ndogo. Jaribio likasimamishwa kabla ya wakati, likiwa na wagonjwa 27. Naomba wakaguzi wako walisome hilo kwa makini, kwani dawa ya namna ile ndiyo inayopendeza kwenye faili la usajili: fomula moja, lebo moja, tarehe moja ya mwisho wa matumizi.

Kuna upande wa pili wa usugu huu, nao ndio unaonipa matumaini. Bakteria akiukimbia mdomo wa faji, mara nyingi hulipa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliokota kwenye bwawa moja la Connecticut faji waliyoiita OMKO1, inayomshika Pseudomonas kwenye pampu anayoitumia kutoa antibiotiki nje ya mwili wake. Bakteria anayebadilisha pampu ili faji isimpate hupoteza nguvu ya kuzitema dawa, na antibiotiki zilizokuwa zimeshindwa zinaanza kumuua tena. Acinetobacter naye, akivua kapsuli, gamba la ute linalomzunguka, kukwepa faji, huweza kuwa mnyonge mbele ya dawa. Na kwa kipindupindu, ugonjwa tunaoujua mno hapa nchini, faji iitwayo ICP1 humshika Vibrio cholerae, bakteria wa ugonjwa huo, kwenye antijeni yake ya O1, molekuli iliyo juu ya ngozi yake. Vibrio asiye na antijeni hiyo ameiponyoka faji, ila amepoteza kitu anachokihitaji ili kuudhuru utumbo. Faji ikichaguliwa kwa akili, tunaweza kuamua bakteria akimbilie upande gani. Ikichukuliwa yoyote kutoka kwenye kopo, bakteria ndiye anayeamua.

Kwa hiyo kanuni ziruhusu faji kubadilishwa. Chanjo ya mafua hubadilishwa aina za virusi karibu kila mwaka bila kuanza usajili upya kama dawa ngeni, na mamlaka za dawa duniani zimeshalizoea hilo. Ubelgiji tangu 2018 inaruhusu mfamasia kuandaa faji kwa cheti cha daktari kwa ajili ya mgonjwa mmoja, huku maabara iliyoidhinishwa ikikagua ubora wa kila faji inayotumika. Tunaweza kuanzia hapo. Sharti langu ni moja tu, na nalishikilia: isitolewe faji bila bakteria wa mgonjwa huyo kuoteshwa na kujaribiwa dhidi yake kabla ya dozi ya kwanza, na tena wakati tiba inaendelea. Zisiuzwe kwenye duka la dawa muhimu. Zisinyunyiziwe mabandani bila usimamizi wa daktari wa mifugo. Watafiti wa Nairobi wamekuwa wakichunguza faji dhidi ya Salmonella wa kuku, na bidhaa za mifugo huenda zikabisha hodi kabla ya zile za binadamu.

Tuwe pia na benki yetu ya faji, kwa sababu faji inayomuua Klebsiella wa Ulaya inaweza isimtambue wa Bugando au Muhimbili. Malighafi haina gharama: mabwawa ya majitaka ya Vingunguti na mifereji ya hospitali zetu imejaa faji za bakteria wetu wenyewe. Kinachohitajika ni majokofu ya baridi kali, watu wa kuzisafisha na kuzisoma jeni, na kanuni inayosema benki hiyo ni halali.

Nitaambiwa kwamba hospitali nyingi bado hazioteshi vimelea hata kwa ajili ya antibiotiki, sembuse faji. Ni kweli, na inaniuma. Lakini sahani ni zile zile, inkubeta ni ile ile, na mikono ni ile ile. Hospitali isiyoweza kuotesha isiruhusiwe kutoa faji. Iliyo tayari ipewe kibali, na taarifa za kila mgonjwa, aliyepona na aliyeshindikana, zifike kwako pamoja na bakteria waliohifadhiwa.

Naomba mwaka huu uitishe kikao cha wataalamu wa maabara, wafamasia, madaktari wa binadamu na wa mifugo, kiandike rasimu ya mwongozo kabla ombi la kwanza halijafika. Mimi na wenzangu tuko tayari kuja na sahani zetu.

Wako katika kazi,
Mteknolojia wa maabara, Kanda ya Ziwa