Barua ya wazi kwa Kamanda wa Polisi Mkoa wa Mwanza: bunduki ya marehemu aichukue nani?

Afande Kamanda, shikamoo.

Nakuandikia kuhusu bunduki zenye leseni ambazo wenyewe wameshatangulia mbele za haki.

Huku kwetu, kuanzia Magu hadi Sengerema, si ajabu mzee mwenye mifugo au injini za boti kumiliki shotigani. Wengi wanaitunza vizuri: sefu imefungwa, risasi zimewekwa mbali, namba anaijua mwenyewe tu. Siku akifa anaondoka nayo.

Nimekaa kwenye vikao vya ukoo baada ya matanga. Ng'ombe wanahesabiwa, kiwanja cha Buhongwa kinatajwa, mtumbwi na nyavu vinajadiliwa mpaka jioni, hata redio inagombewa. Ikifika zamu ya bunduki, watu wanatazama chini. Kijana mkubwa anasema, "Ibaki kwangu kwanza," na mjadala unaisha. Miaka inapita. Leseni hairithiwi kama ng'ombe. Anayeitaka silaha lazima aombe kibali chake mwenyewe, akianzia serikali ya mtaa. Kwa hiyo kijana huyo, bila nia mbaya yoyote, anaishi na kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015.

Mjane ndiye namhurumia zaidi. Akiambiwa "ilete kituoni," aibebeje? Aizungushie kitenge, apande bodaboda, apite mbele ya trafiki? Mama mmoja ninayemfahamu alifikiria hivyo, akairudisha uvunguni. Ikitangazwa misamaha ya kusalimisha silaha haramu, hataki kupanga foleni huko, na simlaumu. Mumewe alikuwa na leseni.

Ninachoomba si kikubwa. Mmiliki anapokuja kulipia leseni, ajazishwe karatasi moja zaidi: nani atoe taarifa akifa, ufunguo au namba ya sefu ameiacha kwa nani, na angependa silaha iende wapi: iuzwe kwa muuzaji mwenye kibali, iombewe na mrithi fulani, au iteketezwe. Wazee watanung'unika kwamba mnawachuria. Waacheni wanung'unike, mbona wosia wa mashamba wanaandika?

Halafu askari waifuate silaha nyumbani, kwa utulivu, si kwa difenda na kelele mtaa mzima ukitazama. Wakiichukua waache stakabadhi yenye namba ya silaha na idadi ya risasi. Msimamizi wa mirathi anatakiwa kupeleka mahakamani orodha ya mali za marehemu, na asipokuwa na karatasi hiyo, ndugu watasema ameiuza kimyakimya.

Namba ya simu ya afisa wa kupigiwa ibandikwe kwenye ofisi za serikali za mitaa. Huko ndiko taarifa za msiba zinakoanzia.

Wako mtiifu,
Msimamizi wa mirathi, Ilemela