Beseni moja la maji haliwatoshi mbwa wanne

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niseme na wenzangu tunaofuga mbwa zaidi ya mmoja katika miji ya pwani, hasa katika majira haya ya kaskazi, ambapo kuanzia Desemba hadi Machi jua la Dar es Salaam huwaka kwa nyuzi 32 na usiku wenyewe hauleti nafuu kubwa. Nataka kuzungumzia maji na kivuli, na ninaomba tulitazame jambo hili kutoka pale alipolala mbwa mwenyewe, si kutoka barazani tunapokaa sisi.

Nyumbani kwangu Mbezi nina mbwa wanne. Simba ni dume lenye manyoya mengi na ndiye mkubwa wa wote. Tomi ni mwanawe. Popi ni jike mzee ambaye jicho lake moja halioni tena. Na Chausiku, mweusi tii, tulimwokota karibu na soko akiwa bado mdogo. Walikuwa watano. Wa tano aliitwa Bosi, na kifo chake ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa Februari, tulipata msiba Morogoro, tukaondoka alfajiri na kurudi usiku. Mbwa tuliwafungia wote katika banda la matofali lenye paa la bati, kama tulivyozoea kufanya kila siku, na tukawaachia beseni kubwa lililojaa maji. Tuliporudi, beseni lilikuwa na maji nusu nzima, na Bosi alikuwa amekufa kwenye kona ya nyuma, pua yake imebanwa kwenye ufa mdogo chini ya ukuta. Sikuelewa mnyama anawezaje kufa kwa joto hali maji yapo hatua tatu kutoka alipolala. Daktari wa mifugo aliyekuja kesho yake aliniuliza swali moja tu: wakila, nani huanza na nani humaliza? Nikamjibu kwamba huanza Simba na humaliza Bosi. Akaniambia kwamba basi yaelekea Simba alilala kando ya beseni kutwa nzima, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na ubaridi kidogo, na Bosi hakuthubutu kusogea.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwatazama, na nimeona kwamba daktari alisema kweli. Mbwa wakubwa hawahitaji kubweka wala kung'ata ili kumzuia mdogo asinywe. Simba huinua kichwa tu na kumtazama Chausiku, naye hugeuka njia kana kwamba hakuwa na kiu. Mwenye nyumba akipita saa nane mchana ataona beseni lina maji, mbwa wametulia, hakuna ugomvi, naye ataamini kwamba wote wamekunywa. Ndivyo nilivyoamini mimi kwa miaka mingi.

Tena mbwa hana njia nyingi za kujipoza kama sisi. Hatoki jasho mwilini. Jasho lake liko kwenye nyayo tu, nalo ni kidogo. Anachotegemea ni kuhema, ulimi nje, ili unyevu wa kinywa na koo uchukue joto na kulitoa, na kila anapohema anapoteza maji. Joto la kawaida la mwili wake ni kati ya nyuzi 38 na 39, yaani anaanza siku akiwa juu kuliko sisi, na likipita nyuzi 41 viungo vya ndani huanza kuharibika. Katika pwani yetu yenye unyevu mwingi hewani, kuhema huko hakuleti faida kama kunavyoleta bara kwenye hewa kavu. Ongeza paa la bati lisilo na dari na kuta zisizo na tundu la upepo, na utaelewa kwa nini Bosi alitafuta ule ufa.

Siku hizi mbwa wangu hawafungiwi humo mchana, na nikiwafuata kwa macho naona wanaijua nyumba yangu kuliko ninavyoijua mimi. Wakimaliza doria ya usiku hulala juu ya marumaru ya baraza hadi jua linapoifikia, yapata saa mbili na nusu. Kutoka hapo huhamia ubavu wa magharibi wa nyumba, kisha mchana wote huwa chini ya mgomba karibu na simtanki, mahali bomba linapodondosha, ambapo kila mmoja amejichimbia shimo lake la kutosha tumbo. Zamani niliwafukuza kwa kuharibu bustani. Sasa nimeelewa kwamba mchanga wa juu unaunguza na ule wa kiganja kimoja chini una ubaridi. Asiyeniamini aweke mgongo wa mkono wake juu ya matofali ya pevingi saa saba mchana, ahesabu hadi saba. Akishindwa kuvumilia, akumbuke kwamba Popi anakanyaga hapo kwa miguu minne isiyo na viatu. Mchanga huo wenye unyevu una hatari yake, kwani kuna nzi anayetaga mayai hapo na mabuu yake huingia ndani ya ngozi ya mbwa, kwa hiyo kila jioni mwanangu huwakagua tumboni na masikioni, na hapo hapo huwatoa kupe.

Kuhusu maji, nimeweka vyombo vitano, kimoja zaidi ya idadi ya mbwa, kila kimoja kwenye pembe yake ya uwanja ambapo aliyelala kwenye kimoja hakioni kingine. Ni makarai ya saruji, kwa sababu mabeseni ya plastiki huyapindua. Wiki ya kwanza nilimwona Chausiku akinywa nyuma ya choo cha nje kwa muda mrefu kiasi kwamba nilimwita mke wangu aje kushuhudia. Ugali wao sasa unatolewa magharibi, jua likishapoa, na kila mmoja ana sufuria yake.

Najua wengi huwafungia mbwa mchana ili wasiwang'ate wageni na watoto wa jirani, na sababu hiyo ni ya haki. Lakini kufungia si lazima kuwe ndani ya chumba cha bati. Uzio wa waya chini ya mwembe unatosha, na kama banda lipo tayari, makuti yaliyotandazwa juu ya bati pamoja na dirisha la nondo upande wa kaskazini mashariki, unakotoka upepo wa majira haya, hupunguza joto kwa kiasi ambacho mtu ataking'amua mwenyewe akiingia. Kwa ndugu zangu Waislamu ambao, kama mimi, tunachunga mate ya mbwa kwa sababu ya najisi, tuikumbuke ile hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kiatu chake ili amnyweshe mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Karai la uani halimgusi mtu nguo.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu mwaka 2008, lakini mtaani kwetu sijapata kumsikia mtu akiitaja. Ombi langu kwa maofisa mifugo ni dogo. Katika mitaa mingi gari la matangazo hupita kuhimiza chanjo ya kichaa cha mbwa karibu na Septemba 28, miezi miwili tu kabla ya joto kuanza, na wenye mbwa tunafika kwa wingi tukiwa na mbwa wetu kwenye kamba. Pale kwenye foleni kila mwenye mbwa aulizwe ana mbwa wangapi na ana vyombo vingapi vya maji.

Msomaji wako,
Mbezi, Dar es Salaam